Gari la Kubebwa Mgongoni

Saa mbili asubuhi haijatimia, na tayari Fundi ana sindano mdomoni. Juu ya meza yake ya kazi limelala gari. Si la mbao wala la bati. Ni gari la kitambaa, limejazwa sponji likanona, lina magurudumu manne yaliyoshonwa kwa uzi mweusi, na taa zake za mbele zimefumba kama macho ya mtoto aliyeshiba.

"Hili haliuzwi," anamwambia mwandishi kabla hata salamu hazijaisha. Anasema kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili una kazi ya kushika sindano.

Mtaani wanamwita Babu Sesere. Ana miaka sitini na moja, na kwa zaidi ya nusu ya umri huo amekuwa fundi wa makochi. Jina la utani lilikuja baadaye, alipoanza kushona wanasesere kwa mabaki ya vitambaa, na wala halikuja kwa nia njema.

"Nimeshona makochi miaka nenda rudi, hakuna aliyenicheka," anasema. "Sindano ni ileile, uzi ni uleule. Nikashona mdoli mmoja tu, mtaa mzima ukapata la kusema!"

Mkewe, aliyeketi mlangoni akichambua sponji, anadakia bila kuinua macho. "Si ulimshona kwa kitambaa cha kochi la watu? Mwenye kochi alipita hapa akamtambua."

Karakana ni chumba kimoja chenye dirisha upande wa barabara. Nyuma kuna makochi mawili yaliyovuliwa ngozi, mbavu nje. Mbele, ukutani, kuna rafu tano, na hapo ndipo mgeni anapopigwa na butwaa kidogo. Madukani vitu vya kuchezea hupangwa pande mbili, huku waridi, huku buluu, na mzazi hujua mguu wake uelekee wapi kabla hajafungua mdomo. Kwa Fundi hakuna pande. Kila rafu ina neno moja la chaki: KUBEBA. KUSUKUMA. KUGONGA. KUPANGA. KUFUNGUA.

"Mtoto mdogo hachezi na kitu, anacheza na kitendo," anaeleza. "Mpe kijiti, kama ni wa kugonga atagonga. Kama ni wa kubeba atakifunika shuka."

Anaingia kijana mmoja, kofia ya pikipiki kwapani.

"Shikamoo, Mzee. Nataka gari. Ni la mtoto wa kiume, ana miaka miwili na nusu."

"Marahaba. Gari unalitaka wewe au analitaka yeye?"

Kijana anacheka kidogo. "Yeye. Nadhani."

"Akiwa peke yake, hajui kama unamtazama, huwa anafanya nini?"

Kijana anajikuna kisogo. Inaonekana ni swali ambalo hajawahi kuulizwa. "Juzi nimemkuta mlangoni amepanga viatu vya wageni wote, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Halafu anaviambia vinyamaze."

Fundi anainuka. Ananyoosha mkono kwenye rafu ya KUPANGA na kushusha watu wa mbao, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja amevaa kipande cha kitambaa cha kochi.

"Mzee, si midoli hii?"

"Ni wanafunzi. Wewe nyumbani una mwalimu mkuu, hukujua tu."

Kijana anawageuza mmoja mmoja, na uso wake unalainika. Analipa. Kisha anainama na kunong'ona: "Nifungie na gazeti, Mzee. Mara mbili. Wenzangu wa pikipiki wana midomo."

Si wote wanaoondoka hivyo. Wapo wanaorudisha. Bibi mmoja alimrudisha mwanasesere wa mjukuu wake wa kiume amemshika kwa ncha za vidole, kama panya aliyekufa. Fundi alimpokea, akarudisha pesa, na hakubishana. Wiki iliyofuata mama wa mtoto alikuja mwenyewe kumchukua yuleyule, akasema mtoto amelia mpaka homa ikapanda.

Biashara yenyewe si ya kujisifia. Wiki ikiwa nzuri anauza vitu saba au vinane, na bei yake ni ya chini kwa sababu kitambaa ni cha bure. "Kochi ndilo linalotulisha," anakiri. "Midoli inanifurahisha, ila furaha hailipi kodi ya chumba."

Kwa nini basi hajaacha? Hapo Fundi anatoa sindano mdomoni na kuichomeka kwenye ukosi wa shati. Haya si mambo ya kusemwa kwa upande mmoja wa mdomo.

Binti yake wa pekee alikulia chini ya meza hii. Alipokuwa na miaka mitatu hakukuwa na nyundo iliyokaa salama humu ndani, kila ukitafuta unamkuta nayo. Fundi akamchongea ya mbao. Siku dada yake Fundi alipokuja kutembea, akaiona, akainyang'anya.

"Akaniambia, 'Kaka, samaki mkunje angali mbichi. Msichana na nyundo wapi na wapi?' Akamletea seti ya sufuria ndogo na mwiko wake. Mtoto akazipindua zile sufuria, akazigonga kwa mwiko mpaka zikabonyea vitako. Shangazi mtu akanyanyua mikono."

Nyundo ikarudi kwa mwenyewe. Leo binti huyo ni fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda kikubwa, nchi ya mbali, na inasemekana mtambo ukigoma huitwa yeye kwanza. Ameondoka mwaka wa sita sasa. Ameolewa hukohuko, amezaa hukohuko. Nauli ya kwenda na kurudi ingemla Fundi mwaka mzima wa kazi, na yeye na mkewe wakae bila kula.

"Waliniambia nimkunje. Mimi nikamwacha anyooke," anasema. "Basi amenyooka, amenyooka mpaka amevuka mpaka."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Fundi ana hamu na mwanawe, na haifichi. Anasema kuna jioni akifunga dirisha huwa anajiambia kwamba pengine angemwachia zile sufuria, angekuwa jirani tu hapa, angemsikia akigombeza watoto ng'ambo ya ukuta.

"Halafu najisuta. Baba gani anatamani mwanawe angekuwa mdogo kuliko alivyo? Na mama yake sijawahi kumwambia."

"Nimeshasikia," anasema mkewe kutoka mlangoni. Mikono yake imesimama juu ya sponji. "Mimi nawaza hivyohivyo, basi tu."

Mjukuu ana miaka mitatu. Mwandishi anauliza kama ni wa kike au wa kiume.

"Hilo nalijua tangu siku aliyozaliwa," Fundi anajibu, "na mpaka leo halijanisaidia kitu."

Kilichomuuma ni kwamba kwa mjukuu huyo alifanya kosa ambalo hamruhusu mteja yeyote kulifanya. Mwaka jana msafiri mmoja alijitolea kubeba mzigo mdogo. Fundi, kwa haraka na kwa furaha, hakupiga simu kuuliza. Alichonga gari la mbao zito, magurudumu yanazunguka vizuri, mlango unafunguka na kufungwa kwa bawaba halisi. Ni kazi aliyoitolea jasho.

Miezi ikapita. Siku moja binti akapiga simu, hoi kwa kicheko. "Baba, gari lako halijawahi kugusa sakafu!"

Mtoto alikuwa akilifunga mgongoni kwa taulo. Analibembeleza, anatembea nalo nyumba nzima, usiku analilaza kitandani upande wa ukutani ili lisianguke. Magurudumu yalikuwa yamemchubua mgongo na bado hakukubali kulitua. Fundi akaomba kuongea naye. Mpaka siku hiyo mjukuu alikuwa hajawahi kumwambia neno, kila akipewa simu alikuwa anapumua tu. Safari hii alisema.

"Babu, shhh. Gari limelala."

Fundi anasimulia hayo akiwa ameweka mkono juu ya gari la kitambaa. "Nilinyamaza kweli. Dakika nzima nimeshika simu, nimenyamaza ili gari la watu lisiamke." Macho yake yamelowa na hayafuti. "Lile la mbao nilimtengenezea mama yake. Vile alivyokuwa. Huyu ni mtu mwingine kabisa, na mimi simjui."

Ndipo akaanza hili la pili, laini kila upande. Ametumia kitambaa bora kuliko vyote alivyowahi kubakiza, rangi ya zambarau iliyokolea. Limekamilika kila kitu isipokuwa mikanda ya mgongoni. Mikanda miwili mirefu imelala pembeni, haijakatwa wala kushonwa.

Sababu ni kwamba hajui mgongo wa mjukuu wake una upana gani.

"Nimemwambia amshonee tu," analalamika mkewe. "Watoto wa umri huo wako sawa. Ampime wa jirani!"

"Nikimpima wa jirani, litamkaa wa jirani."

"Basi mwambie mwanao ampime na uzi huko aliko, akutajie kwenye simu."

 Fundi anaichukua mikanda na kuinyoosha juu ya goti lake, kama vile ina mikunjo. Binti amesema watakuja mwakani, Mungu akipenda. Mwaka jana pia alisema mwakani. Likizo ilipokaribia mtambo ukaharibika, na aliyeitwa ni yeye.

"Nikiishona kwa kipimo cha simu," anasema, "litabaki kuwafungia na kuwatumia. Litakuwa limekamilika, halina haja nao. Mimi nataka asimame hapa, mbele ya meza hii, nimpitishie mkanda begani kwa mkono wangu. Akija na miaka minne nitakata mirefu. Akija na mitano nitakata mirefu zaidi."

Anasema hiyo ndiyo mipango yake yote. Hataki duka kubwa, hataki cherehani ya umeme. Anataka wageni wawili wapite mlango ule, mkwe akipata nafasi watatu.

Mkewe ameacha sponji. Anauliza polepole, kama mtu aliyelibeba swali muda mrefu akitafuta pa kulitua: "Na akija amekua, Baba? Akija hataki tena kubeba gari?"

Nje mtu anapiga honi, mteja wa kochi. Fundi haendi. Anaikunja mikanda, mmoja juu ya mwenzake, na kuiweka juu ya gari lililolala.

"Basi atalibeba mama yake," anasema. "Yeye kitu laini sikuwahi kumshonea."