Mlango Niliofunga Kila Nilipotoka

Wenzangu, mimi ndiye ninayewafundisha vijana wa mtaa wetu wa Isevya kuandika programu, na haya yalinikuta mimi mwenyewe.

Mfumo wetu hupeleka maombi ya dawa kutoka zahanati hadi ghalani. Kufungua muunganisho salama ni kama salamu za Kinyamwezi: husemi shida yako kabla hamjaulizana habari za nyumbani. Kwa hiyo maktaba ya programu tunayotumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, hufungua muunganisho mmoja, na wote hupitia huohuo. Ukimaliza, unamwachia mwenzako. Lakini mimi nililelewa kwamba anayetoka hufunga mlango. Mwisho wa programu yangu ya kuujaribu mfumo nikaandika: funga.

Wiki nzima Mama Zuhura, muuguzi wa kijijini, alinipigia kwamba maombi yake yanakatika na dawa za watoto zinakaribia kuisha.

"Mama, ni mtandao wa huko kwenu," nilimwambia kwa upole. "Jaribu kupanda kichuguu."

Akapanda.

Ijumaa alikuja ofisini, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa meza ya pili, akaanza kutuma maombi kwa mtandao wangu mwenyewe. Mimi nikaendelea kuujaribu mfumo, kama nilivyofanya wiki nzima. Nilipomaliza, maombi yake yakakatika. Nikajaribu tena, yakakatika tena.

"Mwanangu," alisema taratibu mbele ya wanafunzi wangu, "hebu ondoa mikono hapo."

Nikaiondoa. Maombi yakaenda.

"Kumbe," akasema, "mtandao wa huko kwetu ni wewe."