Nilijua Ule Haukuwa Mlango wa Mtoto

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Kuna mama mzee ambaye leo analala kwenye mkeka nyumbani kwa mdogo wake kule Kambove, na aliyempeleka huko ni mimi.

Mimi ni fundi wa kamera hapa Likasi, Kongo. Jina langu liache, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Mwaka jana Papa Gloire, mfanyabiashara wa mawe ya shaba, aliniita nimfungie kamera nne nyumbani: ya geti, ya uani, ya mlango wa chumba cha mtoto, na ya mlango wa depo wanapoweka unga na makaa. Milango hiyo miwili iko kwenye korido moja, huku na huku, yote ya rangi ileile ya kahawia. Waliishi humo yeye, mkewe Mama Gloire, binti yao Gloire wa miaka minne, na mama mzazi wa Papa Gloire, ambaye sote tulimwita Nkambo, yaani bibi wa mtoto.

Ngoja nikueleze kosa la kwanza, maana yote yalianzia hapo. Kamera zikitoka kwenye katoni zote zina namba moja, ile tunayoiita anwani. Fundi mwenye akili anawasha moja, anaipa anwani yake ya kudumu, anaiandika kwenye karatasi, ndipo anashika ya pili. Mashine ya kurekodi haijui sura ya mlango, inajua namba tu. Ukiiambia namba hii ni ya mtoto, itaandika MTOTO juu ya picha yoyote inayotoka kwenye namba hiyo.

Siku ile ilikuwa Jumamosi na nilikuwa nachelewa mazoezi ya kwaya parokiani. Nikaiachia ruta, kile kifaa cha mtandao, igawe namba yenyewe. Picha zikatokea, nikaandika majina, nikaondoka nikipiga mluzi.

Na wewe unaujua umeme wetu. Ukikatika na kurudi, ruta ile inasahau kila kitu na kugawa namba upya. Kamera iliyowahi kuamka inapata ya kwanza, na jina la mlango mmoja linaweza kuangukia mwingine. Nililijua hilo. Nikajisemea nitarudi wiki ijayo, na sikurudi.

Gloire akaanza kuanguka. Mtoto anacheza vizuri, ghafla anakakamaa, macho juu. Hospitali walitoa dawa. Pasta wao alisema kuna mtu ndani ya nyumba anayemroga, na Mama Gloire akaanza kumwota Nkambo usiku. Tangu siku hiyo watu wakaanza kutazamana vibaya mezani.

Ndipo umeme ukakatika siku mbili. Siku chache baada ya umeme kurudi, Papa Gloire akanipigia simu niende haraka. Nikamkuta sebuleni na mkewe na pasta. Nkambo alikuwa amekaa peke yake. Wakanionyesha picha. Ni saa saba mchana, watu wa nyumbani wako kanisani kwenye maombi ya kufunga. Nkambo anasimama mbele ya mlango, kitu kinaning'inia mkononi, midomo inacheza. Anabaki hapo muda mrefu. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Juu ya picha imeandikwa MTOTO.

"Mama, unafanyaka nini ku mulango ya mutoto?" Papa Gloire akauliza.

"Haikuwa ku mutoto. Ni ku depo. Naombaka Rozari yangu kule, juu Mama Gloire hapendi kuiona mu nyumba."

"Picha inaandika mutoto," mkewe akasema. "Tuamini nani, weye ao picha?"

Nkambo akanigeukia. "Mwana wangu, weye njo uliweka hii bintu. Baambie."

Ndugu yangu, nilikuwa nimeshaona! Kwenye picha, kando ya fremu ya ule mlango, palikuwa na kiraka cha simenti, kama kifuniko cha chupa. Nilikiweka mwenyewe nilipokosea kutoboa tundu la waya, na nilikosea kwenye mlango wa depo, si kwingine. Hata kile kilichoning'inia nilijua ni rozari, maana mimi ni Mkatoliki kama yeye.

Ningesema neno moja tu. Lakini wiki hiyohiyo pasta alikuwa ameniahidi kazi ya kamera za kanisa lake jipya, nyingi kuliko nilizowahi kufunga. Nikaogopa kuitwa mji mzima fundi ambaye kamera zake zinasema uongo.

Nikajibu, "Kamera inaonyeshaka tu kile inaona."

Papa Gloire akamwambia Nkambo ahame siku ileile, mbele yetu sote. Alitoka na begi moja. Mwanawe alisimama getini mpaka teksi ilipoondoka, kisha akafunga.

Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilisema naongeza programu mpya, nikakaa na kompyuta yangu kuipa kila kamera anwani yake ya kudumu. Ilinichukua saa moja na nusu. Nilifuta kosa langu, nikamwachia mama wa watu alibebe.

Kazi ya kanisa niliipata. Kwaya nimeiacha, siwezi kusimama pale nikiwatazama wamama na rozari zao. Nyumbani chakula hakipiti. Mke wangu anadhani naumwa, na sijamwambia.

Baada ya miezi minne nikaenda Kambove. Nilipiga magoti, nikamweleza Nkambo yote. Alichouliza kwanza ni, "Gloire eko namna gani?" Kisha akasema, "Usiniambie minye. Minye nilikuwa najua ni ku mulango gani nilishimama. Ambia mutoto yangu."

Nikamfuata Papa Gloire kazini, nikamwambia yote, hadi kiraka.

"Bon, sawa. Kamera ilikosea," akasema. "Na pasta? Na ndoto za Mama Gloire? Byote bilikosea?"

"Ya pasta sijue. Ya kamera najua. Mama yako hakushimama ku mulango ya mutoto."

Akainuka. "Minye nilimufukuza mama yangu mbele ya bantu. Leo unakuya kuniambia ilikuwa bule? Usirudilie kusema ile maneno."

Nikauliza hali ya mtoto. Akasema anaanguka bado, juzi mara mbili. Kisha akasema mdogo wa mkewe, Chantal, alikuja kuwasaidia kazi za nyumbani tangu Nkambo alipoondoka.

"Nataka kamera ingine," akasema. "Ku mulango ya chumba ya Chantal. Utakuya lini?"

Nikakataa. Akasema mafundi ni wengi.

Ni kweli ni wengi. Nasikia kamera ya tano imeshafungwa, na ndiyo maana naandika. Fundi uliyeifunga, sikujui, lakini kama unasoma hapa, rudi leo kabla umeme haujakatika. Ipe anwani yake ya kudumu, iandike, kisha zima kila kitu na uwashe, uone kama kila picha imebaki na jina lake. Na siku watakapokuita sebuleni ukamkuta Chantal amekaa upande mmoja na wengine wote upande mwingine, usifikirie kazi wala jina lako kama nilivyofanya mimi. Ukiona picha si ya mlango unaotajwa, sema hapohapo, akiwa bado ndani ya nyumba.