Ganzi ya Mkono Mdogo

Mimi kazi yangu ni kutia ganzi, hapa Gitega, na mdomo wangu haujui kupumzika. Nimekulia kambini Tanzania. Kule ukinyamaza, zamu yako ya maji inachukuliwa hivi hivi unaona.

Siku hiyo aliletwa binti wa miaka minne kutoka Muyinga, kavunjika mkono kwa kuanguka kwenye baiskeli. Alikuja na bibi yake, muuza vitenge sokoni. Kabla ya upasuaji huwa naionyesha familia sindano, wasije wakasema tumewaficha. Bibi akaigeuzageuza, akakunja uso, akataka ile nyembamba wanayochanjia watoto. Nikamweleza kuwa nyembamba mno hupinda ndani ya nyama, na ncha nikiipoteza kwenye kioo cha ekografi, ile mashine inayonionyesha ndani ya mwili, naweza kuuchoma mshipa wa fahamu. Hii nene kidogo naiona mpaka mwisho. Alikubali shingo upande. Kwao yuko kijana aliyelemaa mguu baada ya kuchomwa sindano ya matako, sasa nani angemlaumu?

Kazi ilikwenda vizuri. Nilimwambia bibi mkono utakuwa umelala mpaka jioni, kisha nikaenda kula.

Niliporudi wodini, jamani, nikakimbilia kitandani. Bibi alikuwa amemimina maji ya chupa ya chai kwenye beseni, anavikanda vidole vilivyotokeza nje ya plasta, kama tunavyokanda sote kiungo kilichogoma. Kitambaa kinafuka mvuke. Mtoto anamtazama, anatabasamu.

Nilitia mkono wangu kwenye beseni nikautoa mbio, nikampokonya kitambaa.

"Bibi, unamuunguza."

"Namuunguza wapi, na mtoto halii?" akasema. "Mkono yake iko imekufa, muganga. Ile sindano yako kubwa imeua mshipa."

Nikavitumbukiza vidole kwenye maji baridi. Nilitaka kumfokea, wallahi nilitaka, ila nikamkumbuka yule kijana wa kwao aliyelemaa mguu. Alasiri yote tukakaa kitandani kwa mtoto, yeye upande huu na mimi upande ule, tukivitazama vile vidole.

Jioni kidole gumba kikacheza. Halafu mtoto akaangua kilio, kilio kikali cha kuungua, akikunja vidole na kuvikunjua.

"Alhamdulillahi," bibi akasema, machozi yanamtoka. "Iko inasikia. Lia, mwanangu, lia."

Mimi nilikuwa nayafunga malengelenge.