Kwenda Oicha kwa Kitesi cha Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji moja ya Butembo, Chef d'atelier, mkuu wa mafundi, hakunipa ufunguo wala nyundo. Alinipa kijiti. Ilikuwa jauge, kile kijiti cha chuma cha kupimia mafuta ya buati ya vitesi, yaani giaboksi, na akaniamuru nikinuse. Nikanusa. Akaniuliza nimesikia harufu ya nini, nikajibu ya mafuta. Akachomoa kingine kwenye gari la jirani, akanisogezea puani. Hicho kilinuka kama maharagwe yaliyoungulia chunguni.

«Ile ya kwanza iko muzima,» akasema. «Hii ingine inaanza kufa, na mwenye gari hajue bado.»

Nikaanza kuogopa hapo hapo. Wazee wengi wakisimulia kazi yao hujifanya simba; vijana mtaniwia radhi, mimi nilikuwa mwoga tangu asubuhi ile. Niliogopa gari lililo juu ya jeki, niliogopa maji ya radiator yanayochemka, lakini kuliko vyote niliogopa buati za otomatiki. Zilitufikia ndani ya magari yaliyokwisha kuchoka, yenye usukani wa kulia, yakitokea upande wa Uganda. Katika gari la kawaida dereva hubadili vitesi kwa mkono na mguu wake. Katika otomatiki mafuta ndiyo mkono: pompi huyasukuma, nayo hubana diski, na diski zikishikana gari linavuta. Mafuta yakiungua, au diski zikiisha, injini hulia tu na magurudumu hayaitikii.

Chef alitufundisha kuuliza kabla ya kufungua. Inakataa ikiwa baridi au ikiwa moto? Kitesi hakipandi kabisa, au kinachelewa? Kikipanda, kinagonga au kinateleza? Baada ya hapo mafuta yapimwe injini ikiwaka, gari likiwa mahali tambarare, na Butembo ilivyo na vilima, kupata hapo mahali tambarare ilikuwa kazi nyingine.

Baadaye nikahamia Beni, kwenye gereji ya mtaa wa Mulekera. Patron wetu, mwenye gereji, alikuwa mfanyabiashara wa uchukuzi, Mwislamu, ambaye wote tulimwita Hadji. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona gereji nyingine. Fundi akisema gari liko sawa, fundi huyo mwenyewe hupanda katika safari ya kwanza ya gari hilo. Hakuna kusema tu. Mafundi wengine waliicheka desturi hiyo kwa siri, mpaka gari lilipokuwa la kwenda kaskazini, njia ya Oicha, ambako pori linakaribia barabara pande zote mbili. Hapo kicheko kiliisha, kwa maana watu walikuwa wakiuawa njiani humo, na gari linalosimama ndani ya pori lilikuwa kama limekwisha potea.

Siku moja Hadji aliingia gerejini akiwa hana rangi usoni. Mke wake, Mama Aisha, alikuwa Oicha kwa mama yake pamoja na watoto wao wawili, na mimba yake ilikuwa imefikia mwisho. Mapigano yalikuwa yamesogea na watu walikuwa wameanza kuhama. Malori yake yote yalikuwa safarini. Pikipiki haikufaa kwa mwanamke wa hali ile. Lilibaki gari lake dogo la otomatiki, lile la zamani, ambalo tangu juma lililopita lilikataa kupanda kitesi cha tatu likipata moto.

Nilivuta jauge. Mafuta yalikuwa meusi, na harufu ile ya Butembo ikanipanda kichwani. Nikamuuliza dereva wake alikuwa akishukaje kutoka Butembo. Akajibu bila wasiwasi: alizima injini, akaweka libre, bila kitesi chochote, akaliacha gari lijiteremkie, kuokoa petroli. Ndivyo wanavyofanya watu wa malori yetu, na nani angemwambia kwamba otomatiki siyo lori? Injini ikizimwa, pompi nayo inalala, na vyuma vya ndani vinazunguka vikavu mteremko mzima.

Swali lilibaki moja. Kama diski zilikuwa nzima, ningemwaga mafuta, nisafishe kichujio, tuondoke. Kama zimeisha, ni jambo jingine. Katika buati ile, diski zinazobana kitesi cha tatu ndizo zinazobana pia kurudi nyuma. Kwa hiyo nililizungusha gari mjini mpaka likapata moto, nikaligeuzia mgongo kilima, nikaweka R, nikajaribu kukipanda kinyumenyume. Watu wa pikipiki walisimama kunicheka. Injini ililia, gari likatetemeka, likabaki palepale. Diski zilikuwa zimeisha, na za kubadilisha zilipaswa kuagizwa Kampala.

«Fundi, itafika ao hapana?» Hadji akauliza.

Nilitamani kusema hapana. Ningesema hapana, nisingepanda.

«Itafika, Hadji. Mais na kitesi ya pili tu, njia yote, kwenda na kurudi. Tukiweka D, itatafuta ya tatu, itateleza, ile unga ya diski itaziba njia za mafuta, donc hata ya pili itakufa. Tutabakia mule.»

Akanitazama. Njia ile kila mtu aliipita mbio, hata wagonjwa, hata maaskofu. Mimi nilikuwa namwambia tuipite polepole.

Hadji aliendesha mwenyewe, mimi nikakaa kando yake. Kwenda tulifika. Mama Aisha alilala kiti cha nyuma, watoto wakajibana miguuni pake, tukageuza. Tulipoingia porini injini ilikuwa ikilia kwa sauti ya juu, na gari likitambaa. Nilikuwa na rozari mfukoni na vidole vyangu havikuweza kuihesabu. Hadji alikuwa akinong'ona dua zake. Tulipita lori lililoungua. Pikipiki zilitupita, na dereva mmoja akapiga boneti yetu kwa kiganja akituonyesha tukimbie. Kisha risasi zikalia, nyuma yetu au kando, sikujua. Sijawahi kuogopa hivyo, na nimewaambia mimi ni mtu wa kuogopa.

«Baba Aisha, mbona tunaenda kama tunabeba maiti?» mke wake akalia. «Kimbiza gari! Batoto biko humu!»

Mkono wa Hadji ukaenda kwenye levi, ile fimbo ya kubadili vitesi. Nikaufunika na wangu, nikaubana. Alikuwa patron wangu, na sikuwahi hata kumgusa bega.

«Ukivuta hii, Hadji, tunabakia hapa.»

Alilia, machozi yakimshuka ndevuni, na hakuivuta. Mama Aisha alinitukana mpaka tulipoona nyumba za kwanza za Beni.

Buati ilipofunguliwa, diski za kitesi cha tatu zilikuwa chuma kitupu. Mama Aisha alikuja kuziona, mtoto mchanga mgongoni. Akaishika moja, akaigeuzageuza.

«Hii ndiyo ilikuwa inatubeba?»

«Hapana, mama. Hii ilikuwa imeshakufa mbele ya kuondoka.»

Akakaa chini kwenye tairi kuukuu, diski ile bado mkononi.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kulala chini ya magari, na vijana wana mashine zinazosoma makosa kwenye skrini. Ni nzuri, ninyi zitumieni. Nyumba yangu iko kando ya barabara iendayo kaskazini, na masikio bado yanafanya kazi bila mimi kuyaagiza. Juzi, asubuhi, gari la zamani lilipita kuelekea Oicha limejaa watu, godoro juu, kuku wamefungwa nyuma. Nilisikia injini ikipanda, ikipanda, na gari lisivute. Nilitoka mbio na mkongojo wangu, nikapiga kelele wasimame, nikapunga mikono yote miwili.

Watoto kwenye dirisha la nyuma waliniona. Wakacheka, nao wakanipungia mikono, mpaka wakapotea kwenye kona.