Korongo Aliyesimama Karibu

Wifi yangu Nyaguthii aliwapiga watu picha mjini Kitale miaka mingi, na watu walikuwa wamemchosha. Kila Jumamosi aliitwa harusi za Bungoma, akarudi kutoka huko amenuna. Alisema bibi harusi wote hushikwa kidevu namna moja, na bwana harusi wote huambiwa wacheke kicheko kile kile. Kazi hiyo ilimlisha, lakini ilimtia kinyaa.

Alichokitaka ni kimoja tu: korongo. Alitaka kumpata karibu kabisa, taji lake la dhahabu lionekane unyoya kwa unyoya, na ndege mwenyewe asiwe na habari. Dume na jike walikuwa na kiota kwenye kinamasi chini ya shamba letu. Mwaka wa 2004, msimu wa kupanda mahindi, Nyaguthii akajitengenezea kibanda cha magunia pale ukingoni. Magunia yenyewe yalikuwa yamebeba mbolea ya kuku. Alijificha humo asubuhi nzima ruba wakimnyonya miguu, na akitoka ananuka hata mbwa wetu anampisha njia. Nilimchotea maji ya kuoga huku nimeziba pua. Korongo nao, akikohoa tu, wanapaa.

Mume wangu Kinyua, ambaye ni kaka yake, aliwachukia ndege hao kwa sababu walifukua mbegu zake. Ghafla akaanza kusema anamhurumia dada yake. Ningepaswa kushtuka hapo, maana Kinyua hahurumii hata punda.

Ijumaa asubuhi nilikuwa shambani nikipanda, nikaona korongo mmoja akitembea kuelekea kibandani. Alifika mbele ya magunia akasimama, shingo imemlegea kidogo. Nikasikia kamera ikilia mara kwa mara, nikafurahi kwa ajili ya wifi yangu. Kisha ndege akafungua mdomo, ute wa kijani ukamtoka, akaangukia kifua na kupigapiga mabawa kwenye kinyesi chake mwenyewe mpaka akatulia.

Nilifika mbio. Nyaguthii alikuwa ametoka, amempakata, na mdomoni mwa ndege mlikuwa na punje za mahindi zinazonuka dawa ya wadudu. Kinyua akaja akitabasamu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nakipikia ugali. Alieleza kwamba aliloweka mahindi kwenye dawa, akayamwaga mbele ya kibanda.

"Si ulitaka akae karibu?" alisema. "Nimekusaidia, na mbegu yangu pia imepona."

Nyaguthii alimlaza ndege chini. Alifungua kamera, akaivuta filamu yote nje juani na kuiacha matopeni. Kinyua akalalamika kwamba dada yake hana shukrani.

Hapo korongo wa pili akashuka. Safari hii hakujali watu. Alitua miguuni petu, akamvuta mwenzake bawa, akaliachia, akalivuta tena. Nyaguthii angeweza kumgusa taji. Alijikunyata matopeni akalia kwa sauti.

Kinyua akapekua mkoba wa dada yake, akatoa filamu mpya na kumnyooshea.

"Weka hii upige, haraka," alinong'ona. "Huyu bado hajakula kitu."

Nilimtemea mate miguuni. Kisha nikapiga magoti nikaanza kuokota punje zilizobaki, kabla ndege hajainama.