Kijiti Katikati ya Meno

Nakumbuka vizuri siku niliyochonga kijiti kwa kisu cha mama, nikakisukuma katikati ya meno yangu mawili ya mbele. Usicheke, Neema mwanangu. Au cheka, lakini sikiliza, maana jana nilikuona ukitema mate mekundu kwenye beseni. Ulimwaga maji haraka, kisha ukanishika mkono: "Koko, usimuambie munganga. Atasimamisha kila kitu, na dot yangu imekaribia."

Nililisuuza beseni. Mimi koko, nyanya yako, najua dot ni mahari na siku yake iko karibu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Nilikuwa msichana wa Kibati, kijiji kilicho chini ya mlima wa moto, mdogo kidogo kuliko wewe sasa. Dada yangu Virjini alizaliwa na mwanya katika meno ya mbele, ile inyinya ambayo kwetu wageni huisifu hata kabla ya kuketi. Mimi Mungu alinipa meno yaliyobanana. Na wewe, uliyepewa bure kile nilichokililia, unataka kukifunga kwa vifuniko vya plastiki visivyoonekana, vile vya kuvalishwa juu ya meno! Haya, kila kizazi na wazimu wake. Sikukatazi.

Basi, nilikuwa nimemwona baba akiloweka mpini wa jembe ili mti uvimbe na kukaza chuma. Nikasema moyoni: kijiti nacho kikilowa mate kitavimba, kitasukuma meno, nami nitakuwa na inyinya kabla ya Pasaka. Tazama akili ya mtu mwenye tamaa.

Kikavimba kweli. Siku ya tatu fizi ikauma, nikatoa kijiti, nikaweka kinene zaidi. Damu ilipoanza kutoka niliacha kupiga mswaki upande ule, nikidhani naihurumia fizi. Baadaye usaha ukaja na jino moja likaanza kucheza. Nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kitambaa. Mama alidhani nimeanza kuwa na adabu, masikini.

Ndipo mlima ukapasuka. Siusemi huu wa juzi, nasema ule wa ujana wangu, wakati moto uliposhuka kwetu kwa kasi hata ng'ombe hawakuwahi kugeuka. Walikuwepo majirani tuliowapenda ambao hawakutoka, na mpaka leo nawataja katika sala. Sisi tulikimbia hadi Mugunga kwa shangazi Adela, dada yake baba, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alituchomea mahindi. Mimi, ambaye sikuwa nimekula tangu jana yake, nikawagawia wadogo zangu la kwangu.

Watu walinisifu kwa moyo wangu mzuri. Shangazi peke yake hakunisifu.

"Mutoto mwenye njaa anatoa muhindi yake," alisema. "Iko kitu anaficha mu kinywa. Fungula."

Nilifungua. Alitazama, akanusa, akakichomoa kijiti kwa kucha zake. Nilisubiri kofi.

"Nguzo ya zizi ukiitingisha kila siku, itasimama?"

"Hapana, shangazi."

"Ni udongo ndiyo inaishika. Wewe umeharibu udongo juu ya kupamba nguzo. Na tena unanyamaza! Kijiti ni ujinga ya utoto, nakusamehe. Kunyamaza ndiyo zambi."

Alinipeleka kwa masista waliokuwa wakiwatibu wakimbizi. Mmoja wao aliligusa jino, likamjia mkononi karibu bila kuvuta. Akamgeukia shangazi: "Mama, kama angekuya juma mbili mbele, tungeliokoa."

Juma mbili! Ndizo nilizozimaliza nikiziba mdomo kwa kitambaa. Nililia siku ile, na sikulia kwa maumivu. Niliomba mwanya, nikapewa mlango.

Baadaye zikaja vita, moja ikiiachia nyingine nafasi. Nilikuwa nahesabu mara tulizokimbia, halafu nikachoka kuhesabu. Nilirudi Mugunga ile ile, safari hii chini ya hema, na watoto wanne. Katika kikombe cha maji ya asubuhi nilijiwekea mafunda mawili ya mswaki. Wenzangu walinicheka: nchi inaungua, huyu anasugua meno! Waasi walichukua nyumba, walichukua mbuzi, mwisho wakabeba hata godoro. Lakini tangu lile jino la Kibati, sijapoteza jingine.

Sasa nisikie, mwanangu. Vifuniko vyako vinasogeza meno polepole, na ndivyo inavyotakiwa, maana nguzo ikisogezwa kidogo udongo hupata muda wa kuishika tena. Usiruke kifuniko hata kimoja ili uwahi sherehe. Vivae muda wote ulioambiwa, vitoe unapokula, na usivirudishe juu ya mabaki ya fufu. Piga mswaki kwanza. Fizi ikitoa damu usiuogope mswaki, sugua kwa upole, kisha mwambie anayekutibu siku hiyo hiyo. Akisema tusimame tuponye fizi, simama. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na jino lina kifo chake pia. Huyo kijana wako alikuchagua ukiwa na mwanya. Atakukuta nao siku ya mahari na hatakimbia.

Kesho tutashuka pamoja hadi Ndosho kwa daktari wako. Utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako. Ukinyamaza, nitafungua changu nimwonyeshe mlango wangu, naye atauliza.

Mungu aliyenitoa kwenye moto akulindie fizi na meno yako. Akupe ulimi usioona haya kusema panapouma. Na siku watakapokuja kukutolea mahari, ucheke mbele ya watu wote, mwanangu, bila kitambaa mkononi.