Siku Konokono Alipopigwa Picha

Ukitaka kujua mwendo wa gari la maiti, waulize waliokwama nyuma yake. Mjini kwao hapakuwa na dereva aliyelaaniwa kwa adabu kama yule waliyemwita Konokono. Watu waliishia kumtukana kimoyomoyo, maana nani atalipigia honi jeneza? Yeye alikaa wima nyuma ya usukani, kofia kichwani, glavu nyeupe mikononi, akienda kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Hata siku zake za mapumziko, akimpeleka mkewe sokoni kwa kigari chao, mwendo ulikuwa ule ule. Mkewe alishazoea kuteremka njiani na kutangulia kwa miguu.

Bosi wake, mama mmoja aliyerithi kampuni ya mazishi kutoka kwa baba yake, aliutazama mwendo huo akaona ni mtaji. Akampiga picha na kofia yake, akaisimamisha kwenye bango kubwa kando ya barabara kuu, na chini yake akaandikisha hivi: "Dereva, punguza mwendo. Sisi hatuna haraka na wewe." Waliopita walicheka, kisha wakapunguza mwendo.

Basi ilipoletwa barua ya trafiki kwamba gari la maiti la kampuni limenaswa na kamera likienda kilomita mia moja na kumi na nane kwa saa, mahali ambapo mwisho ni themanini, bosi aliisoma, akaketi, akaisoma tena, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akawaita wote waje wasikie: seremala wa majeneza, wafunga maua, mlinzi wa getini. Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Mlinzi, ambaye hakuna jambo linalompita, akaongeza utamu: hiyo kamera anaijua ilipo. Wameificha nyuma ya bango lao wenyewe, inachungulia kwenye upenyo wa mbao, chini kidogo ya kidevu cha Konokono.

"Hiyo mashine imelewa," bosi akasema, akijifuta machozi. "Tunapinga."

Konokono alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na hakucheka. Mashine haikuwa imelewa. Yeye peke yake ndiye aliyelijua hilo.

Ilikuwa hivi. Konokono alikuwa na rafiki, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyeendesha basi la safari ndefu. Huyo walimwita Risasi, na sababu sina haja ya kuieleza. Walijifunza udereva pamoja ujanani kwenye lori moja bovu, na tangu siku hiyo mmoja hakuacha kumcheka mwenzake. Risasi alidai kwamba Konokono akianza safari asubuhi, nguo alizovaa zinapitwa na wakati kabla hajafika. Konokono naye alisema abiria wa Risasi hushuka kwenye basi wakiwa wameokoka. Walikaa hivyo miaka yote, wakitaniana na kuazimana spana, mpaka Risasi akaugua na akawa si mtu wa kuinuka tena.

Siku moja, Konokono akiwa ameketi pembeni ya kitanda hospitalini, mgonjwa alimshika mkono.

"Najua wewe ndiye utakayenibeba," Risasi akasema. "Usinitie aibu, ndugu yangu. Pale barabara inaponyooka, likanyage."

Konokono akaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyowaitikia wagonjwa. Siku ilipofika alikwenda peke yake kuuchukua mwili, kwa sababu wenye msiba walikuwa nyumbani wakipanga viti. Alianza safari kwa mwendo wake wa siku zote. Alipofika penye mnyoofu, barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari mbele wala nyuma, na akahisi kabisa kwamba kule nyuma kuna mtu anaguna. Konokono hakuwa mtu wa mizimu. Ila mtu uliyemzoea, hata akinyamaza unajua anachotaka kusema. Akaliegesha gari pembeni, akaikaza mikanda ya jeneza, akaikaza tena, akavua glavu, akarudi kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Faini haikumtisha, na hata kufukuzwa kazi angejikaza kiume. Aliyemtisha ni shemeji yake, mjane wa Risasi. Tangu mazishi, mama yule alikuwa amezama ndani ya huzuni kiasi cha kutozungumza na mtu, na maneno pekee aliyomwambia Konokono yalikuwa haya: "Ahsante, shemeji, kwa kunifikishia mume wangu taratibu." Taratibu! Neno hilo lilimchoma kila alipolikumbuka. Mama huyu angejua kwamba mumewe alisafirishwa kama gunia la viazi linalowahi soko, angemtazama vipi tena kupitia ukuta ule mmoja?

Alijaribu kumshawishi bosi kwamba pengine ni vyema walipe yaishe. Bosi akamsifu kwa unyenyekevu wake na akaendelea kutafuta mashahidi. Alijaribu kumwambia mkewe, jioni, wakikunja nguo. Mkewe alimtazama kwa huruma.

"Wewe? Mia na kumi na nane?" akasema. "Mume wangu, hata siku ya harusi yetu ulifika watu wameshaanza kuondoka."

Akaendelea kukunja mashuka, na mwanamume akabaki na siri isiyotaka kusadikiwa.

Siku ya kusikilizwa, walijazana kwenye chumba kidogo cha rufaa pale makao ya trafiki: viti vya plastiki, feni iliyozunguka kwa kelele bila kuleta upepo, na mezani afisa wa rufaa, mwanamke mwenye miwani mizito na mafua. Mbele yake ilikuwa picha ya kamera, ameilaza kifudifudi.

Mashahidi walimwagika kumsifu Konokono mpaka akatamani ardhi ipasuke. Fundi wa magari alieleza kwamba mshale wa spidi wa gari lile haujawahi kuvuka hamsini, na kwamba namba zote zinazofuata baada ya hapo bado zina nailoni ya kiwandani. Askari mmoja wa trafiki, tena aliyevaa sare, akakiri kwamba aliwahi kumsimamisha mshtakiwa kwa kosa la kuchelewesha msafara wa harusi uliokuwa nyuma yake, na bibi harusi mwenyewe alishuka kuja kumbembeleza. Mkewe alirudia habari za harusi yao, bila kuulizwa.

Mwisho akainuka mjane. Akasema kwa sauti ndogo kwamba jeneza alilipokea yeye, akalifunua yeye, na mumewe alikuwa amelala vizuri, hata shuka halikujikunja. Mtu aliyemleta hivyo, akasema, hawezi kuwa alimkimbiza.

Afisa akapenga kamasi, akachukua muhuri. Alisema kesi iko wazi, kamera itakaguliwa, faini inafutwa, na picha hii nayo itafutwa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kupigwa. Bosi akaanza kupiga makofi.

Hapo ndipo Konokono alipoyasikia maneno yale: kana kwamba haikuwahi kupigwa. Amemtimizia rafiki yake ahadi moja tu kubwa katika maisha yake yote, na sasa inakwenda kupigwa muhuri kwamba haikutokea. Na tena shemeji yake amesimama mbele za watu, na msiba wake, akiapa kwa jambo lisilo la kweli kwa ajili yake yeye. Akasimama. Kwa sababu alikuwa Konokono, alisimama polepole, na muhuri ukamsubiri hewani.

"Usiifute," akasema. "Kamera iko sawa. Nilikwenda."

Makofi ya bosi yakakatika katikati. Konokono akaeleza yote, macho yake yakiwa kwenye kofia aliyokuwa anaizungusha mikononi: kitanda cha hospitali, ombi, mikanda aliyoikaza, glavu alizovua. Alipomaliza hakuthubutu kuinua uso. Alisikia feni tu, halafu akasikia viatu vya shemeji yake vikitembea kwenda mezani.

Mjane akaomba kuiona picha. Afisa akaigeuza.

Kamera ilikuwa imemnasa kwa mbele, kupitia kioo: Konokono bila glavu, kofia imerudi kisogoni, kinywa wazi mpaka magego yanaonekana, mashavu yamelowa machozi. Mama yule aliitazama kwa muda mrefu, akamgeukia.

"Hapa ulikuwa unasema nini, shemeji?"

"Nilikuwa namuuliza yeye," Konokono akasema. "Nilimuuliza, haya, Risasi, umeridhika?"

Mabega ya mjane yakaanza kutikisika. Mke wa Konokono aliruka kumshika akidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichofungiwa tangu siku ya msiba, kikamtoka kwa vipande, mpaka akalazimika kushika meza.

"Hajaridhika huyo," akasema alipopata pumzi. "Mia na kumi na nane tu? Angekwambia ongeza."

Basi na wengine wakacheka, fundi, trafiki, mpaka afisa wa rufaa aliyejifanya anapenga kamasi. Konokono alicheka pia, na kulia, yote kwa pamoja, kama kwenye picha. Asiyecheka alikuwa bosi peke yake. Alitoka bila kumuaga mtu, na kwa muda mrefu baadaye Konokono alipewa kazi ya kuosha magari badala ya kuyaendesha. Faini alilipa kutoka mfukoni mwake, dirishani, papo hapo. Karani wa dirishani alisema hajawahi kuona mtu akilipa kwa furaha vile, akamtazama kwa wasiwasi kidogo. Mjane aliomba apewe nakala ya picha, akapewa.

Wakatoka wote watatu kuelekea kwenye kigari. Mkewe bado alikuwa anamwangalia mumewe kwa pembeni, kama mwanamke aliyegundua amekuwa akiishi na mtu mwingine. Shemeji yake akaketi nyuma, ameiweka picha mapajani, anaisawazisha kwa kiganja.

Walipokaribia lile bango barabarani, Konokono akapunguza mwendo, ingawa hapakuwa na kitu cha kupunguza. Nyuma yao magari yalishaanza kupanga foleni.

"Shemeji," mjane akasema.

"Naam."

"Siku yangu mimi, uende mwendo wako huu huu. Yule aliondoka kwa mbio, basi mwache anisubiri."

Konokono akasema hilo halina shida, akavaa glavu zake.